UZI: Mwanamke wa Ugiriki ya kale na mali ya nyumba, kuanzia Athens hadi Misri

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila inapofunguliwa mada ya Ugiriki ya kale, suala la wanawake humalizwa kwa kauli mbili: kwamba Athens walimfungia mwanamke ndani, na kwamba Sparta walimwacha huru. Kauli zote mbili zina ukweli kiasi, lakini hazielezi jambo lolote, kwa kuwa haziulizi ni mwanamke yupi anayezungumzwa, wa nyumba gani, na urithi wa nyumba hiyo ulipitia mikononi mwa nani. Hoja yangu ni moja. Hadhi ya mwanamke wa Kigiriki ilifuata mkondo wa mali na uraia. Alipokuwa njia tu ya kufikisha mali ya babu kwa mjukuu, alilindwa kama inavyolindwa hati ya shamba. Mali ilipotua mikononi mwake mwenyewe, mambo mengine mengi yalibadilika pamoja nayo.

Niweke tahadhari moja kuhusu ushahidi. Sehemu kubwa ya maandishi tuliyonayo iliandikwa na wanaume wenye uwezo, wa mji mmoja wa Athens, katika karne ya 5 na ya 4 KK. Watu hao walipenda kueleza jinsi mambo yalivyopaswa kuwa. Mfano unaotajwa sana ni hotuba ya mazishi ambayo mwanahistoria Thukidide anaiweka kinywani mwa kiongozi wa Athens, Perikles, ambamo wajane wa vita wanaambiwa kwamba sifa kubwa ya mwanamke ni kutozungumzwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya. Ukisoma maneno hayo peke yake utadhani umeona maisha ya wanawake wa mji ule. Kumbe umeona matamanio ya msemaji tu. Kwa hiyo mimi nategemea zaidi sheria, kesi za mahakamani na maandishi ya mawe, kwa sababu mtu anayegombania fedha mahakamani hulazimika kutaja mambo ambayo mwanafalsafa huyapita.

Walii, ndoa na fedha za ndoa

Mwanamke wa Athens, hata akiwa mtoto wa raia na mama wa raia, maisha yake yote alikuwa chini ya walii, ambaye Wagiriki walimwita kyrios. Walii wa kwanza alikuwa baba, akifa baba, kaka au babu, akiolewa, mume. Hakusimama mwenyewe mahakamani. Sheria haikumruhusu kufanya mapatano yanayozidi thamani ya medimno moja ya shayiri, kipimo cha takriban lita 52. Kwa kipimo hicho aliweza kununua unga na mboga, lakini shamba au nyumba hakuweza kuuza.

Ndoa ilikuwa mapatano kati ya wanaume wawili. Baba alimkabidhi binti kwa mume mbele ya mashahidi, kwa maneno tunayoyasikia katika tamthilia za Menandro: nakupa huyu ili upate watoto halali. Binti hakuhitajika kusema neno, na wala hakulazimika kuwapo. Kwa kawaida alikuwa na miaka kati ya 14 na 18, na mume alikuwa karibu na 30. Mtu mmoja katika kitabu cha Xenofoni kuhusu uendeshaji wa nyumba anasema mkewe aliingia kwake akiwa hajatimiza miaka 15, naye alikuwa amelelewa kwa uangalizi mkali ili aone machache, asikie machache na aulize machache. Mume huyo anaeleza hayo kwa kujivunia.

Kuhusu fedha, msomaji wa Kiswahili aangalie mwelekeo, maana haukuwa wa mahari kama tunavyoyajua sisi. Mali ilitoka kwa baba wa binti, ikaenda pamoja na binti kwenye nyumba ya mume, na mume akaisimamia bila kuwa mwenye mali. Ndoa ikivunjika, kwa kosa la yeyote yule, mali ilirudi. Mume aliyechelewa kuirudisha alitozwa riba ya oboli 9 kwa kila mina moja kwa mwezi (oboli sita ni drakma moja, na drakma 100 ni mina moja), yaani asilimia 18 kwa mwaka, na walii wa mwanamke aliweza kumshitaki kwa ajili ya matunzo. Hapa ndipo mwanamke wa Athens alipokuwa na nguvu ambayo sheria haikuitaja kwa jina. Mume aliyekuwa amekwisha kuzitumia fedha hizo katika biashara ya meli alikuwa na sababu nzito ya kumwogopa shemeji yake.

Kesi ya Demostene, mzungumzaji mashuhuri wa Athens, dhidi ya walezi wake inaonyesha mambo haya vizuri kuliko nadharia yoyote. Baba yake, mwenye viwanda vya visu na vitanda, alifariki mwana akiwa na miaka saba na binti mitano. Kwa wosia wake aliwagawa hata mke na binti. Mke aolewe na Afobo, mpwa wa marehemu, pamoja na mina 80. Binti wa miaka mitano aahidiwe kwa Demofoni, mpwa mwingine, pamoja na talanta mbili (talanta moja ni mina 60). Wanaume hao walichukua fedha, lakini wanawake hawakuwaoa. Demostene alipokuwa mtu mzima aliwashitaki, mnamo mwaka 364 KK. Katika hotuba zake mama anatokea mara nyingi kama mtu anayeijua hesabu ya nyumba vizuri, lakini mwana hamtaji jina hata mara moja, kwa kuwa adabu ya mahakama ilikataza kumtaja mwanamke mwenye heshima aliye hai. Jina la Kleoboule tunalipata kwa waandishi wengine. Mwanamke aliyetajwa kwa jina mahakamani kwa kawaida alikuwa ama amekufa, ama anatukanwa.

Binti asiye na kaka

Kama kuna mahali ambapo hoja yangu inaonekana bila pazia, ni hapa. Mtu akifa bila mtoto wa kiume lakini akaacha binti, binti huyo aliitwa epikleros, yaani mwenye kufuatana na urithi. Hakurithi kwa manufaa yake. Ndugu wa karibu wa upande wa baba alikuwa na haki ya kumdai amwoe, akianza na baba mkubwa au baba mdogo wa binti mwenyewe, kisha watoto wao, na madai hayo yalipelekwa kwa arkoni, afisa mkuu wa mji, kama yanavyopelekwa madai ya ardhi. Najua wengi humu watashtuka kusikia baba mdogo anamwoa mtoto wa kaka yake. Kwa watu wa Athens jambo hilo halikuwa na aibu, kwa kuwa lengo lilikuwa kupatikana mjukuu wa kiume atakayeishika nyumba ya babu yake, na mali isitoke nje ya ukoo.

Hata binti aliyekwisha kuolewa hakuwa salama. Isayo, mwandishi wa hotuba za mirathi, anasema mahakamani kwamba wanaume wengi walipokonywa wake zao kwa njia hiyo, baada ya baba mkwe kufariki bila mwana. Kama binti alikuwa maskini, na hapakuwa na mali ya kugombania, sheria ilimlazimisha ndugu wa karibu ama amwoe, ama amwozeshe kwa fedha zake mwenyewe: drakma 500 kwa tajiri wa daraja la juu, 300 kwa daraja la wapanda farasi, na 150 kwa mkulima wa daraja la tatu. Mwandishi Plutarko anaongeza kwamba sheria ya Soloni, mtunga sheria wa zamani wa Athens, ilimtaka mume wa binti wa namna hiyo amlalie angalau mara tatu kwa mwezi. Dola iliyokaa kikao na kuhesabu usiku wa watu haikuwa ikifikiria mapenzi.

Ndani ya nyumba moja

Watu huuliza kama vyumba vya wanawake vilikuwa kweli vimefungwa kwa kufuli. Tunayo hotuba moja iliyoandikwa na Lisia, mwandishi wa hotuba za mahakamani, kwa ajili ya mtu aitwaye Eufileto, aliyemuua Eratostene baada ya kumfumania na mkewe, na katika kujitetea anaieleza nyumba yake chumba kwa chumba. Ilikuwa nyumba ndogo ya ghorofa, wanawake juu na wanaume chini. Mtoto alipozaliwa, mama alimnyonyesha mwenyewe, na kila alipotaka kumwosha ilimbidi ashuke ngazi kwa hatari ya kuanguka. Basi mume akahamia juu na wanawake wakakaa chini. Utengano wa vyumba ulioonekana kuwa sheria ya mbinguni ukaondolewa kwa sababu ya beseni la kumwoshea mtoto.

Usiku mmoja mtoto analia. Mume anamwambia mke ashuke akamnyonyeshe anyamaze. Mke anakataa kwa utani, akisema unataka nitoke ili umshike yule kijakazi, kama ulivyomvuta siku ile ulipolewa. Mume anacheka. Mke anatoka, anafunga mlango kwa nje na kuchukua ufunguo. Alfajiri anarudi na kufungua, na alipoulizwa kwa nini milango ililia usiku, anajibu kwamba taa ya mtoto ilizimika, ikabidi kwenda kuiwasha kwa jirani. Mume anaona pia kwamba uso wake umepakwa poda nyeupe ya risasi, ingawa kaka yake alikuwa hajatimiza siku 30 kaburini, na hakusema kitu.

Tazama yaliyomo katika maelezo hayo mafupi. Mwanamke anatoka kwenda kwa jirani usiku na jibu hilo linaaminika. Eratostene alimwona kwa mara ya kwanza katika mazishi ya mama mkwe wa mwanamke huyo, na mawasiliano yakapitia kwa kijakazi aliyekuwa akienda sokoni. Na utani kuhusu kijakazi aliyevutwa na bwana mlevi unasemwa mbele ya majaji kama jambo la kawaida. Mke alipofumaniwa, sheria ilimtaka mume amwache, na mwanamke huyo akakatazwa kuingia mahekalu ya umma. Akiingia, yeyote angeweza kumtendea lolote isipokuwa kumuua. Kosa la mume kwa kijakazi halikuwa kosa.

Sababu ya ukali huo Eufileto anaitaja mwenyewe: mzinzi huifanya nyumba nzima kuwa yake, na watoto wasijulikane ni wa nani. Tangu sheria ya Perikles ya mwaka 451/450 KK, raia wa Athens alikuwa yule tu ambaye baba na mama wote wawili walikuwa wa uzao wa raia. Sheria hiyo ilimpandisha mwanamke thamani na kumkaza kamba kwa wakati mmoja, kwa kuwa sasa uraia wenyewe ulipitia tumboni mwake. Perikles naye akaja kuishi na Aspasia, mgeni kutoka Mileto, akazaa naye mtoto asiyekuwa raia kwa mujibu wa sheria yake mwenyewe. Tauni ilipowaua wanawe halali, aliomba wananchi wamkubali mtoto huyo, nao wakakubali.

Mchangiaji mmoja ameandika: *"Mkuu, shukrani kwa uzi. Lakini hao wote ni wake wa matajiri. Mama wa mtu maskini alikaa ndani akale nini?"*

Swali lako ni zuri, na Aristotle aliliuliza pia, kwa maneno ya karibu sana na yako: utawazuiaje wake wa maskini wasitoke nje? Jibu la vyanzo ni kwamba walitoka. Waliteka maji kwenye visima vya umma, wakauza mkate, mboga na maua, wakanyonyesha watoto wa watu kwa malipo, wakavuna.

Kesi iliyo bora ni ya mwaka 346/345 KK, uraia wa watu wote ulipohakikiwa upya na mtu aitwaye Euxitheo akafutwa katika orodha ya mtaa wake. Ushahidi mmojawapo dhidi yake ulikuwa kwamba mama yake aliuza tepe za nguo sokoni na kwamba aliwahi kuwa yaya wa kunyonyesha. Anajibu bila kuficha: ndiyo, tuliuza tepe, na hatuishi kama tunavyotaka, mama alinyonyesha wakati mume yuko vitani, akiwa na watoto wawili wa kulisha. Kisha anawakumbusha majaji kwamba ipo sheria inayomwadhibu yeyote anayemsimanga raia, mwanamume au mwanamke, kwa kufanya kazi sokoni. Sheria haitungwi kwa kosa lisilotokea, kwa hiyo wanawake raia sokoni walikuwapo wa kutosha, na masimango yalikuwapo ya kutosha pia.

Hata nyumba yenye jina iliweza kufika mahali hapo. Xenofoni anasimulia kwamba baada ya vurugu za mwaka 404/403 KK mtu aitwaye Aristarko alijikuta na watu huru 14 nyumbani kwake, wakiwamo dada, binti za kaka na binamu waliokimbilia kwake, huku mashamba yakiwa mikononi mwa maadui. Sokrate anamwuliza kwa nini wasifanye kazi ya sufu, na yeye anasema hao ni ndugu zake waungwana, si watumwa. Mwishowe anakopa fedha, ananunua sufu, na wanawake wanafuma hata wakati wa chakula cha mchana. Baada ya muda wanacheka badala ya kununa, na wanamlalamikia Aristarko kwamba ndiye pekee anayekula bila kufanya kazi.

Chini ya hao wote walikuwapo watumwa, na hapo neno hadhi halitumiki tena. Neaira, ambaye kesi yake ilisikilizwa kati ya mwaka 343 na 340 KK, alinunuliwa akiwa mtoto na mwanamke wa Korintho aliyelea wasichana kwa biashara ya miili, akauzwa kwa wanaume wawili kwa mina 30 wamtumie kwa zamu, kisha walipotaka kuoa wakamruhusu ajikomboe kwa mina 20. Fundi aliyejenga hekalu la Erekitheo mwishoni mwa karne ya 5 alilipwa drakma moja kwa siku, na mina moja ni drakma 100, fanyeni hesabu. Miaka mingi baadaye Neaira alishitakiwa kwa kuishi Athens kama mke halali wa raia. Mshitaki aliwaambia majaji kwamba hawara ni wa starehe, suria ni wa kuutunza mwili kila siku, na mke ni wa kuzaa watoto halali na kuilinda nyumba kwa uaminifu. Watu huinukuu kauli hiyo kama katiba ya jamii nzima. Ilikuwa hoja ya wakili aliyetaka kumwangusha mumewe, Stefano, aliyekuwa adui yake kisiasa.

Ukuhani

Kazi moja ya umma haikuwezekana bila wanawake, nayo ni ibada. Kuhani mkuu wa mungu wa kike Athena katika ngome ya Athens alikuwa mwanamke wa ukoo wa Eteobutadai, aliyeishika kazi hiyo maisha yake yote. Mmoja wao, Lisimake, anatajwa kuwa aliishika kwa miaka 64. Kwa ukuhani wa Athena Nike, bunge lilipitisha azimio kwamba kuhani achaguliwe kutoka kwa wanawake wote wa Athens na si ukoo mmoja, alipwe drakma 50 kwa mwaka, na apewe miguu na ngozi za wanyama wa sadaka. Demokrasia iliyomnyima mwanamke kura ilimpa mshahara na kura ya bahati nasibu ya ukuhani. Jiwe la kaburi la kuhani wa kwanza, Mirrine, limebaki hadi leo.

Wakati wa sikukuu ya Thesmoforia, wake wa raia walikaa siku tatu peke yao, bila wanaume, kwa ajili ya mungu wa kike Demeter na rutuba ya nafaka.

Na sasa nirudi kwa Thukidide, yule wa mwanamke asiyezungumzwa. Alipotaka kuandika mwaka ambao vita kati ya Athens na Sparta vilianza, ilimlazimu atumie kalenda ambayo Wagiriki wote wangeielewa, kwa kuwa kila mji ulikuwa na yake. Akaandika kwamba ilikuwa mwaka wa 48 wa ukuhani wa Krisis huko Argos. Baadaye, anapofika mwaka 423 KK, anaeleza kwamba Krisis aliweka taa karibu na mashada ya maua, akasinzia, hekalu la Hera likateketea, naye akakimbilia Flio usiku uleule kwa kuwaogopa watu wa Argos. Mwaka wa kwanza wa historia yake umefungwa pia kwenye miaka ya utumishi wa bibi mmoja.

Mchangiaji mwingine: *"Mbona Sparta unaikwepa? Kule wanawake walikuwa sawa na wanaume, walifanya mazoezi na kushindana. Hilo linavunja hoja yako ya mali."*

Siikwepi, ndugu yangu, na kwa maoni yangu Sparta ndiyo inayoithibitisha. Ni kweli kwamba wasichana wa Sparta walikimbia, walipigana mieleka, walilishwa vizuri na kuolewa wakiwa wamekomaa zaidi. Xenofoni anaeleza sababu: Likurgo, mtunga sheria wa Sparta, aliona kazi ya kufuma inatosha kufanywa na watumwa, na kwamba jukumu kubwa la mwanamke huru ni kuzaa, kwa hiyo mwili wake uimarishwe. Shabaha bado ni tumbo. Usawa haukuwapo, kwa kuwa hawakuketi katika baraza wala kupiga kura, na Plutarko anasimulia ndoa ya kunyakuliwa, bibi harusi akinyolewa nywele na kuvikwa nguo za kiume gizani.

Tofauti iliyokuwa na uzito ilikuwa ardhi. Aristotle analalamika kwamba karibu sehemu mbili kwa tano za nchi yote ya Sparta zilikuwa mikononi mwa wanawake, kutokana na wingi wa warithi wa kike na ukubwa wa mali walizotoka nazo kwao. Yeye aliona huo ni ugonjwa, na akaufungamanisha na upungufu wa askari raia ulioiangusha Sparta katika pigo moja, yaani kushindwa kule Leuktra mwaka 371 KK. Alikosea kumlaumu mwanamke kwa mfumo ambao ulimvua uraia mwanamume asiyeweza kutoa mchango wake wa chakula cha pamoja, lakini uchunguzi wake kuhusu ardhi ni wa kuaminika.

Ardhi hiyo ndiyo iliyomfikisha Kiniska, binti wa mfalme Arkidamo, Olympia. Wanawake walioolewa walikatazwa kutazama michezo ile, isipokuwa kuhani wa Demeter. Wasichana walikuwa na mbio zao tofauti za Hera palepale, uwanja ukiwa umepunguzwa sehemu moja ya sita. Lakini katika mbio za magari ya farasi mshindi alikuwa mwenye farasi, si dereva. Kiniska aliingiza farasi wanne wake mwaka 396 KK na tena 392 KK, akashinda mara zote mbili bila kukanyaga uwanja, kisha akasimamisha sanamu yenye maandishi yanayosema kwamba yeye pekee kati ya wanawake wote wa Ugiriki ametwaa taji hilo. Xenofoni anadai kwamba kaka yake, Agesilao, ndiye aliyemsukuma, ili kuonyesha kuwa ushindi wa farasi ni wa utajiri na si wa ushujaa. Hata kama ni kweli, jina lililochongwa kwenye jiwe ni la dada.

Na tusisahau mashamba hayo yalilimwa na nani. Wanawake wa Heloti, watu walioshindwa na kufungwa kwenye ardhi yao wenyewe, hawakukimbia mbio zozote.

Krete, kwa ufupi

Katika mji wa Gortin, kwenye kisiwa cha Krete, upo ukuta wenye safu 12 za sheria zilizochongwa mnamo mwaka 450 KK, ambao sehemu yake kubwa ilifukuliwa mwaka 1884. Huko binti alirithi nusu ya fungu la kaka yake, ingawa nyumba za mjini na mifugo zilikuwa za wana wa kiume. Mume hakuweza kuuza wala kuweka rehani mali ya mkewe, na mwana hakuweza kuuza ya mama yake. Wakiachana, mke aliondoka na mali aliyoingia nayo, nusu ya mazao ya mali hiyo, nusu ya vitambaa alivyofuma, na stateri tano zaidi (stateri ni sarafu ya drakma mbili) kama mume ndiye chanzo. Binti asiye na kaka aliweza kumkataa ndugu anayemdai kwa kumwachia sehemu ya mali, kisha akaolewa na mwingine wa kabila lake. Ukilinganisha na arkoni wa Athens utaona umbali wake.

Ukuta huohuo unapanga faini za kubaka. Kumbaka mtu huru ni stateri 100, ambazo ni oboli 1,200. Kumlazimisha mtumwa wa nyumbani ambaye si bikira ni oboli moja mchana, na mbili usiku. Sheria iliyo bora kwa mke mwenye mali na sheria iliyompa mtumwa bei ya oboli moja ziliandikwa na patasi moja.

Mchangiaji: *"Baada ya Aleksanda Mkuu kulikuwa na mabadiliko?"*

Yalikuwapo, na yalitokana zaidi na kuhama kuliko na falsafa. Plato alikuwa ameandika kwamba katika mji wake wa kufikirika wanawake wenye uwezo watawale pamoja na wanaume, na hakuna mji uliofuata. Lakini Wagiriki walipotawanyika Misri na Asia, familia ziliachana na koo zao, na ulinzi uliokuwa ukitolewa na baba na kaka ulilazimika kuandikwa. Baadaye, katika karne ya 1 KK, mji wa Priene ulimheshimu File, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha juu cha mji huo, aliyejenga bwawa na mabomba ya maji kwa gharama zake. Fedha tena, kama mnavyoona.

Hati ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 310 KK, kutoka Elefantine, kusini kabisa mwa Misri, ambayo ndiyo mkataba wa ndoa wa Kigiriki wa zamani zaidi tulio nao kwenye mafunjo. Heraklide, mtu wa Temno, anamwoa Demetria wa kisiwa cha Kos, na wanaomtoa ni baba yake Leptine pamoja na mama yake Filotis, jambo ambalo katika Athens ya Demostene lisingefikiriwa. Demetria anaingia na nguo na vito vya drakma 1,000. Akimwaibisha mumewe atapoteza vyote alivyoleta, lakini mume lazima athibitishe shutuma mbele ya wanaume watatu waliokubaliwa na pande zote mbili. Heraklide haruhusiwi kuleta mwanamke mwingine nyumbani ili kumdhalilisha Demetria, wala kuzaa na mwingine. Akivunja sharti hilo, na akathibitishwa kwa utaratibu uleule wa watu watatu, atarudisha drakma 1,000 na kuongeza nyingine 1,000, na Demetria ataweza kumdai yeye na mali zake zote za nchi kavu na za baharini. Mashahidi ni sita, na kila mmoja wa wanandoa, mume na mke, ana haki ya kuitunza nakala yake mwenyewe na kuitoa dhidi ya mwenzake.